Kuzunguka mji wa watalii bila gari: kitanda kwanza, tiketi baadaye

Anayepanga kutembelea mji mkubwa wa kitalii hafiki mbali kabla hajajiuliza: nikodi gari au nisikodi? Jibu hutegemea amemuuliza nani. Mmoja atamwambia kwamba mji ule bila gari ni mateso matupu. Mwingine, aliyekaa huko juma zima, atalishangaa swali lenyewe, maana hata teksi hakupanda. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Walitembelea mji mmoja, ila walilala mitaa tofauti.

Tumalizane kwanza na gari. Katika miji mingi ya kale gari ni mzigo tu. Venice magari hukomea Piazzale Roma, ukingoni mwa mji, na kuanzia hapo ni miguu na boti. Anayekwenda Zermatt, Uswisi, huliacha gari lake Täsch na kumalizia safari kwa treni ya dakika kama 12. Florence, kama miji mingine mingi ya Italia, ina eneo la katikati lililofungiwa magari yasiyo na kibali. Hapo huoni geti wala askari. Kuna kamera, na faini humfuata mgeni hadi kwao kupitia kampuni iliyomkodisha gari, pengine miezi kadhaa baada ya likizo kusahaulika. Ongeza gharama ya maegesho ya usiku, ambayo matangazo ya gari la bei nafuu huwa hayaitaji, ndipo utajua kwa nini wenyeji wa miji hiyo wenyewe hutembea.

Iko pia miji ya upande wa pili, iliyojengwa ikimfikiria mtu mwenye usukani. Mtaa maarufu wa Las Vegas una urefu wa kilomita zipatazo 6.8, na majengo yake ni makubwa kiasi kwamba jicho hukosea vipimo. Hoteli unayoiona kuwa hapo tu inaweza kuwa mwendo wa nusu saa, tena wa kupanda na kushuka madaraja ya waenda kwa miguu, katika joto ambalo kiangazi hupita nyuzi 40. Treni ya reli moja ipo, lakini inapita nyuma ya hoteli za upande wa mashariki na haifiki uwanja wa ndege. Hata hapo mgeni asiye na gari anaweza kustarehe, ikiwa alichagua hoteli iliyo karibu na kituo cha basi linalopita mtaa ule mchana na usiku. Ikiwa alichagua kwa kuangalia picha ya bwawa la kuogelea peke yake, shauri yake.

Njia zilichorwa kwa ajili ya mwingine

Jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii ni kwamba mabasi na treni za mji hazikupangwa kwa ajili yao. Zilipangwa kwa ajili ya mfanyakazi anayetoka pembezoni asubuhi, akaingia katikati, na kurudi jioni. Mtalii hana ratiba hiyo. Anatoka saa nne asubuhi, anataka kwenda kutoka makumbusho yaliyo mashariki hadi bustani iliyo kaskazini, na siku yake kubwa ni Jumapili, siku ambayo miji mingi hupunguza mabasi. Maeneo mawili ya pembezoni yaliyo jirani kabisa kwenye ramani yanaweza kumlazimu aingie hadi katikati, ashuke, apande gari jingine na kutoka tena.

Hong Kong kuna mfano ninaoupenda. Tangu mwaka 1993 mji huo una mfululizo wa ngazi za umeme zenye urefu wa zaidi ya mita 800, zinazopanda mlima kutoka mtaa wa biashara hadi mitaa ya makazi iliyo juu. Watalii huziendea kama kivutio. Lakini asubuhi, hadi saa nne, ngazi zile hushuka tu, kwa sababu saa hizo wakazi wanateremka kwenda kazini. Baada ya hapo hugeuzwa na kupanda. Mgeni anayefika saa mbili asubuhi akitaka kwenda juu atapanda kwa miguu yake, huku wenyeji wakimpita wakiteremka bila kutikisa goti.

Roma nako kuna funzo. Mtandao wake wa treni za chini ya ardhi ni mdogo ukilinganisha na ukubwa wa mji, kwa kuwa kila kinapochimbwa kipande cha ardhi hukutwa mabaki ya kale, na kazi husimama wataalamu wakiyachunguza. Matokeo yake, Pantheon na Piazza Navona, mahali ambapo kila mgeni atafika, hapana kituo cha metro. Mtu aliyechagua chumba nje ya mji kwa hoja kwamba "kiko karibu na metro" hugundua kwamba metro humfikisha ukingoni mwa mji wa kale tu. Kilichobaki ni basi au viatu.

Miji yenye treni ya duara humpunguzia mgeni adha hii. Tokyo ina Yamanote, yenye vituo 30, ambayo hulizunguka eneo la katikati kwa muda wa saa moja hivi. Moscow na Berlin nazo zina njia za mduara. Ukilala karibu na njia ya namna hiyo huna haja ya kuingia katikati kila unapotaka kwenda upande wa pili.

Ramani nzuri hudanganya vizuri

Mwaka 1931 Mwingereza Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kihandisi, aliamua kuchora ramani ya treni za chini ya ardhi za London bila kujali umbali halisi. Alizinyoosha njia, akazipinda kwa pembe zilizopimwa, akavipanga vituo kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Ramani ilitolewa kwa umma mwaka 1933, na tangu hapo miji mingi duniani imeiga. Kwa abiria wa treni ni uvumbuzi mzuri sana: akiwa chini ya ardhi, anachohitaji kujua ni kituo kipi kinafuata na abadilishie wapi.

Kwa mtalii inakuwa mtego. Kati ya vituo vya Leicester Square na Covent Garden kuna mita 260 hivi tu, lakini ramani haikuambii. Watu hulipa nauli kamili, hushuka chini, husubiri, hupanda treni ya chini ya dakika moja, kisha husubiri lifti ya kuwarudisha juu. Aliyetembea ameshafika, tena ameona mtaa.

Udanganyifu wa kinyume chake uko Venice. Mfereji mkuu unaukata mji na una madaraja manne tu. Mlango wa hoteli unaweza kuuona ng'ambo, ukaweza hata kusoma jina lake, na bado ukawa na mwendo wa robo saa kulifikia daraja na kurudi. Kipimo cha kuanzia ni hiki: mtu mzima anayetembea kawaida huenda mita 80 hivi kwa dakika, yaani kilomita moja kwa dakika 12 au 13. Lakini usipime kwa mstari ulionyooka, kwani mitaa hupinda, na taa za kuvukia barabara hula dakika zako. Ongeza robo ya umbali, na mjini penye vilima ongeza zaidi.

Kila baada ya dakika ngapi?

Ukiruhusiwa kujua namba moja tu kuhusu njia ya basi au treni, usiulize kasi yake. Uliza gari hupita kila baada ya dakika ngapi. Anayefika kituoni bila kuangalia ratiba husubiri, kwa wastani, nusu ya muda huo. Chukua treni ya haraka inayopita kila baada ya dakika 30 na kukufikisha kwa dakika 15: kungoja na kusafiri, wastani ni dakika 30. Basi la polepole litakalotumia dakika 25 lakini linalopita kila baada ya dakika 6 litakufikisha kwa dakika 28. Tena hilo la pili ukilikosa huumii. Ukiikosa treni ile kwa sekunde kumi, siku imevurugika.

Kubadilisha gari huirudia hesabu hiyo tangu mwanzo. Njia mbili za kila baada ya dakika 20 zina wastani wa dakika 20 za kusimama tu kituoni, na siku mbaya hukaribia 40. Hapo ndipo safari ya kilomita nne inapomaliza saa nzima, na mtu akarudi akisema mji ule hauna usafiri. Usafiri ulikuwepo, ila haupiti mara kwa mara.

Kuna kisa kingine ndani ya hesabu hii. Basi lililochelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi kituoni, hutumia muda mrefu kuwapakia, kwa hiyo huchelewa zaidi. Linalolifuata hukuta vituo vimeshakombwa, hupita upesi, na mwishowe hulifikia la mbele. Ndiyo maana unasubiri robo saa nzima kisha yanakuja mawili kwa mpigo, la kwanza limejaa pomoni na la pili tupu. Na kwa kuwa pengo refu hukusanya watu wengi kuliko pengo fupi, abiria wengi hujikuta wakisubiri ndani ya pengo refu. Anayelalamika kwamba kila akifika kituoni basi limeshatoka hana mkosi wowote, hesabu imemwangukia.

Kinachopunguza tabia hiyo ni gari kuwa na njia yake peke yake. Treni ya chini ya ardhi haikutani na foleni. Tramu yenye reli zilizotengwa huifuatia kwa karibu, na basi lenye njia maalumu ni la tatu. Basi linalogombea barabara na malori, hata ratiba yake ikiwa imechapishwa kwa rangi nzuri, lichukue kama ahadi ya mwanasiasa.

Kitanda

Haya yote huishia kwenye uamuzi unaofanywa wiki kadhaa kabla ya safari, mbele ya skrini, na mtu ambaye wakati huo anawaza bei na kifungua kinywa. Kuchagua malazi ndiko kuchagua usafiri. Vingine vyote, tiketi, kadi, programu za simu, ni marekebisho madogo juu ya uamuzi huo.

Kabla hujalipia chumba, tafuta kituo kilicho karibu nacho na uulize ramani ya simu safari tatu: kutoka hapo kwenda mahali unapopataka zaidi saa nne asubuhi, kurudi saa nne usiku, na safari ileile siku ya Jumapili. Usiangalie dakika za safari peke yake. Tazama gari linalofuata ni saa ngapi, na la mwisho ni saa ngapi. Chumba chenye njia mbili tofauti ni bora kuliko chenye moja, maana moja ikifungwa kwa matengenezo bado unatoka. Na matengenezo mara nyingi hufanywa mwisho wa juma, wakati wafanyakazi wamepumzika na wewe ndiyo umefika.

Maneno "karibu na kituo" nayo yachunguzwe. Shinjuku, Tokyo, ndicho kituo chenye abiria wengi kuliko vyote duniani, na kina milango ya kutokea zaidi ya 200. Hoteli inaweza kuwa jirani na mlango mmoja na bado wewe ukatembea dakika kumi chini ya ardhi kuutafuta. Kituo kidogo chenye milango miwili, kilicho hatua chache kabla ya kile kikubwa, mara nyingi humfaa zaidi mgeni mwenye mizigo.

Chumba cha mbali huwa na bei ndogo, na bei hiyo huonekana. Muda hauonekani. Dakika 40 za kwenda na 40 za kurudi kwa siku tano ni karibu saa saba, sawa na siku nzima ya matembezi. Tena kuna hasara ambayo sijaona ikihesabiwa: aliyelala karibu anaweza kurudi chumbani mchana, akaoga, akawalaza watoto, akatoka tena jioni. Aliyelala mbali akishatoka asubuhi ametoka, na saa kumi jioni utamkuta ameketi kwenye ngazi za kanisa fulani akisubiri muda wa chakula cha usiku ufike.

Nauli, na mitego yake

Mifumo ya nauli inaonekana mingi, lakini kwa ndani ni mitatu: bei moja popote uendapo, bei kwa kanda, na bei kwa umbali. Penye bei moja hakuna cha kufikiri. Penye kanda, vivutio vingi huwa ndani ya kanda ya kwanza au mbili za mwanzo, kwa hiyo usiuziwe tiketi ya mji mzima. Penye umbali utagusa kadi ukiingia na ukitoka, na ukisahau kugusa unapotoka, mashine inaweza kukutoza nauli ya juu kabisa ikidhani ulikwenda mwisho wa reli.

Siku hizi miji kadhaa inakubali kadi ya benki ya kugusa moja kwa moja. London ilianza kwa mabasi mwaka 2012, ikafuata treni za chini ya ardhi mwaka 2014. Uzuri wake ni kikomo: nauli zako zikishafika kiasi fulani kwa siku, safari zinazobaki siku hiyo hazikatwi. Ila mashine haimjui mtu, inaijua kadi. Asubuhi ukigusa kwa simu na jioni ukigusa kwa kadi ya plastiki, hata kama pesa zinatoka akaunti moja, umehesabiwa kuwa watu wawili na kila mmoja ameanza upya. Na mume na mke hawawezi kupita kwa kadi moja. Kila mtu na yake.

Kikomo cha wiki cha London huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na tiketi ya wiki ya Paris nayo hufuata mtindo huohuo. Anayefika Alhamisi akadhani amepata siku saba amepata nne. Kabla ya kununua pasi yoyote ya mtalii, hesabu safari utakazopanda kweli kwa siku. Mtu anayelala katikati na kupenda kutembea hupanda mara mbili au tatu, na mara nyingi bei ya pasi huzidi jumla ya nauli hizo. Pasi zilizofungwa pamoja na viingilio vya makumbusho zinahitaji hesabu kali zaidi, kwa kuwa faida yake huja ukikimbia kutoka kivutio hadi kivutio, na sijui nani anakwenda likizo ili akimbie.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye miji isiyo na mageti. Prague na Berlin, kwa mfano, unaingia kwenye treni moja kwa moja bila kizuizi chochote, na mgeni hudhani tiketi aliyonunua mashineni inatosha. Haitoshi. Tiketi ya karatasi ya aina hiyo haina uhai hadi uigonge mhuri kwenye kisanduku kilicho kituoni au ndani ya gari. Mfumo huu unategemea uaminifu na ukaguzi wa kushtukiza: badala ya kujenga mageti kila kituo, mji huajiri wakaguzi, wengi wao wakiwa na nguo za kawaida. Mkaguzi hatapima nia yako. Tiketi isiyo na mhuri kwake ni sawa na hakuna tiketi.

Upande wa neema, uliza hotelini. Geneva na Basel mgeni anayelala hotelini hupewa usafiri wa mji bure kwa siku za kukaa kwake, na si wote wanaoambiwa kwa sauti. Luxembourg ilifuta nauli nchi nzima mwaka 2020, kwa mwenyeji na mgeni, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Tallinn, inayosifiwa kila mahali kwa usafiri wa bure tangu 2013, bure yake ni ya wakazi waliosajiliwa, mtalii analipa.

Safari ya uwanja wa ndege hukaa nje ya mambo haya, kwani miji mingi huitoza bei ya peke yake. Angalia kwanza uwanja wenyewe uko wapi: ule wa Beauvais, unaouzwa kwa jina la Paris, uko kilomita zipatazo 85 kutoka mjini, na akiba yote ya tiketi ya ndege inaweza kuishia kwenye basi. Kisha angalia treni inakwenda wapi, si kasi yake. Treni ya haraka ya Heathrow, uwanja mkubwa wa London, hufika kituo cha Paddington kwa robo saa, halafu inakuacha hapo. Njia ya treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022, ni ya polepole kidogo lakini inapita katikati ya mji hadi upande wa pili, kwa hiyo wengi hufika hotelini mapema zaidi wakiwa ndani yake.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mwenye mtoto kwenye kigari au mwenye magoti mabovu, sahau sifa za metro za kale. Paris, katika njia zake zote za metro, ni ile ya 14 peke yake inayofikika kikamilifu bila ngazi; London ni kama theluthi tu ya vituo vya chini ya ardhi. Mabasi ya miji hiyo yana sakafu ya chini na njia ya kupandia, na dirishani unaona mji. Baiskeli za kukodi ni nzuri penye njia zake, mradi ujue kwamba pesa za dhamana zinaweza kuzuiliwa kwenye akaunti yako kwa siku kadhaa. Skuta za umeme za kukodi usizitegemee: Paris ilizifuta mwaka 2023 baada ya kura ya wakazi.

Na teksi si dhambi. Mbili au tatu kwa juma, usiku ule treni zimelala au siku ya mizigo, hazifiki gharama ya gari lililoegeshwa muda wote. Vivyo hivyo, siku unayotaka kwenda pwani au milimani ambako hakuna treni, kodi gari kwa siku hiyo moja. Lichukue kwenye ofisi iliyo ukingoni mwa mji au karibu na kituo cha treni cha pembezoni, baada ya msongamano wa asubuhi, ili usilazimike kuendesha katikati kabisa. Ila soma saa za ofisi kabla ya kusaini: nyingi za mjini hufunga Jumamosi mchana na hazifunguki Jumapili, na gari la siku moja likichukuliwa Jumamosi asubuhi litarudi Jumatatu, likiwa limelipiwa siku mbili na maegesho ya usiku mbili.